Sola ya kutunza betri ya gari linalosimama muda mrefu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaotuuliza maswali haya ni watu ambao gari lao linakaa kuliko linavyotembea. Wapo wanaofanya kazi Muscat au Dubai na gari lipo uani kwao Tanga. Wapo wenye Land Cruiser za watalii Arusha, ambazo mwezi wa Aprili na Mei hupangwa mstari zikisubiri msimu. Wapo pia wakulima wa Manyara ambao trekta likishamaliza kulima halina kazi mpaka mvua nyingine. Tumejibu kwa kufikiria betri ya kawaida ya maji, yaani ya risasi na asidi, ya volti 12. Pale jibu linapobadilika kwa betri ya aina nyingine, tumesema.

Gari limezimwa na funguo ninazo mimi. Betri inaishaje?

Inaisha kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ni betri yenyewe. Hata ukiiweka stoo bila waya wowote, kemikali ndani yake zinaendelea kufanya kazi polepole. Betri nzuri ya maji hupoteza takribani asilimia 3 hadi 5 ya chaji kwa mwezi kwenye joto la nyuzi 25, na kila joto likipanda kwa nyuzi 10 upotevu huo unakaribia kuwa mara mbili. Chini ya boneti ya gari lililoegeshwa juani Dodoma mwezi wa Oktoba, nyuzi 25 huzipati mchana.

Ya pili, na kwa magari ya siku hizi ndiyo kubwa zaidi, ni kwamba gari halizimiki lote. Saa inatembea, redio inakumbuka stesheni, kompyuta ya injini inatunza kumbukumbu, alamu inalinda, kipokezi cha rimoti kinasikiliza. Vyote hivyo kwa pamoja huvuta miliampea 20 hadi 50 kwenye gari lisilo na hitilafu.

Piga hesabu. Miliampea 30 kwa saa 24 ni 0.72 Ah (ampea-saa) kwa siku. Betri ya NS60, ambayo ndiyo inayofungwa kwenye magari madogo mengi hapa kwetu, ina kama 45 Ah. Nusu yake ni 22.5 Ah, na inaondoka ndani ya mwezi mmoja. Sasa ongeza kifaa cha kufuatilia gari ulichofungiwa na kampuni ya bima au mkopo, kikivuta miliampea 50 peke yake. Hapo betri hiyohiyo inafika nusu kwa siku 12 hivi. Mwenye gari anarudi baada ya wiki tatu, anabonyeza rimoti, kimya.

Si nitaibusti tu nikirudi?

Gari litawaka. Hasara inakuwa imeshaingia ndani ya betri.

Betri inapotoa umeme, salfeti ya risasi hujijenga juu ya bamba zake. Hilo ni jambo la kawaida. Ukichaji mapema, salfeti hiyo inayeyuka na kurudi ilikotoka. Betri ikiachwa wiki kadhaa ikiwa na chaji ndogo, chembe zake zinakua na kuwa ngumu, na chaji ya kawaida haiziyeyushi tena. Sehemu ya bamba iliyofunikwa nazo haifanyi kazi. Ndiyo maana unakuta betri ya mwaka mmoja, safi kwa nje, inapiga volti 12.6 vizuri ikiwa imetulia, lakini ukigeuza swichi inashuka mpaka 9 na stata inalia tik-tik-tik. Fundi atakwambia betri imekufa, na kwa kweli imekufa, ila haikufa kwa kutumika. Iliuawa na kukaa na njaa.

Hili ndilo linalotufanya tuzungumzie sola kila mara. Betri inayokaa imejaa huishi miaka. Betri inayokaa nusu huharibika hata kama hakuna aliyeigusa. Tofauti kati ya hizo mbili ni mkondo mdogo sana wa umeme, ambao paneli ndogo inautoa bila mtu kuwepo.

Nimemwachia mlinzi funguo, analiwasha dakika kumi kila Jumapili. Haitoshi?

Kwa betri, mara nyingi haitoshi. Kuwasha kwenyewe hakuli chaji nyingi, lakini injini ikiwa inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta, alteneta, yaani kile kifaa cha injini kinachochaji betri, haitoi nguvu yake yote, na asilimia 20 za mwisho za betri ya risasi hujaa taratibu mno. Zinahitaji saa, dakika hazitoshi. Isitoshe, injini inayowashwa na kuzimwa kabla haijapata moto hujikusanyia unyevu kwenye oili na kwenye ekzosi.

Kama una mtu wa kuaminika mwenye leseni, mwambie alitembeze nusu saa au zaidi. Hilo lina faida pia kwa matairi na breki, mambo ambayo sola haiyagusi.

Nikichomoa waya wa hasi kwenye betri, bado nahitaji sola?

Kwa safari ya mwezi mmoja au miwili, huhitaji. Kuchomoa hasi ni bure na kunamaliza ule uvutaji wa alamu na kompyuta. Kinachobaki ni betri kujipunguza yenyewe, ambako kwa joto la Pwani kunaweza kufika asilimia 6 hadi 10 kwa mwezi. Miezi minne au mitano ikipita umeshaingia eneo la hatari.

Kuna gharama nyingine. Alamu haitalia, kifaa cha kufuatilia gari kitabaki na betri yake ndogo ya ndani tu, baadhi ya redio zitadai namba ya siri, na baadhi ya injini zitanguruma bila utulivu zisipokanyagwa mafuta kwa muda mpaka kompyuta ijipange upya. Kwa trekta la zamani lisilo na vitu hivyo, chomoa bila wasiwasi.

Paneli ya wati ngapi inatosha?

Ndogo kuliko unavyodhani. Tunaletewa watu waliouziwa paneli ya wati 100 kwa kazi ya wati 10.

Paneli ya kawaida ya volti 12 ina seli 36 na hufanya kazi kwenye volti 17 hadi 18. Ya wati 10 inatoa kama ampea 0.55 jua likiwa kali. Sehemu kubwa ya Tanzania na Kenya hupata jua linalolingana na saa 4.5 hadi 5.5 za jua kamili kwa siku, kwa hiyo kwenye karatasi unapata karibu 2.7 Ah. Toa vumbi, joto la paneli, na chaji inayopotea ndani ya betri. Hesabu 2 Ah zinazoingia kweli.

Linganisha na mahitaji. Gari dogo lenye alamu linakula 0.72 Ah, na betri yake inajipunguza kama 0.12 Ah kwa siku. Jumla haifiki 1. Wati 10 zinatosha na kubaki. Ukiongeza kile kifaa cha kufuatilia, mahitaji yanapita 2 Ah, na hapo chukua wati 20. Vilevile chukua wati 20 ikiwa gari litakaa kipindi cha masika, au Juni na Julai sehemu za milimani zenye mawingu ya kutwa, kwa sababu chini ya wingu zito paneli hushuka mpaka robo ya uwezo wake au chini zaidi. Land Cruiser ya safari yenye betri ya N70 na nyaya za friji na inveta: wati 20 hadi 30, lakini kwanza hakikisha friji na inveta zimezimwa kabisa. Inveta iliyoachwa wazi, hata bila kuchaji simu yoyote, inaweza kula zaidi ya vitu vingine vyote vya gari vikijumlishwa.

Kuhusu kununua: usiamini namba iliyobandikwa nyuma, pima kwa macho. Seli nzuri za leo hutoa wati 180 hadi 230 kwa mita ya mraba moja. Karatasi ya A4 ni mita za mraba 0.062. Maana yake paneli ya ukubwa wa A4 haitapita wati 15 hivi hata ikitengenezwa na nani. Ukiuziwa ya ukubwa huo imeandikwa wati 30, irudishe palepale.

Kontrola ni lazima? Muuzaji amesema paneli ndogo haihitaji.

Kontrola ni kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri na kudhibiti chaji. Kuna ukweli ndani ya maneno ya muuzaji. Paneli ya wati 5 kwenye betri ya 70 Ah inatoa mkondo mdogo ambao betri inaweza kuuvumilia, mradi kuna dayodi ya kuzuia umeme usirudi usiku kutoka kwenye betri kwenda kwenye paneli.

Sisi tunashauri kontrola kwa kila aliye na paneli ya kuanzia wati 10, na hata kwa ya wati 5 ikiwa gari litakaa miezi bila mtu wa kulikagua. Paneli isiyo na kontrola haijui betri imejaa. Inaendelea kusukuma, volti zinapanda zinapita 15, maji yanachemka taratibu na kugeuka haidrojeni na oksijeni, bamba zinabaki wazi juu ya maji. Betri iliyokaushwa hivyo haiponi. Kontrola ya bei ndogo kuliko yote ni rahisi kuliko robo ya bei ya betri.

Kontrola ipi ninunue?

Kwa paneli ya wati 10 hadi 30, ile ya kawaida ya PWM, aina rahisi inayokata na kuunganisha umeme wa paneli harakaharaka, inatosha. MPPT, aina ya ghali zaidi inayotafuta volti ambayo paneli inatoa nguvu nyingi, ni nzuri kwa paneli kubwa. Hapa unalipia faida usiyoiona.

Angalia mambo mawili. La kwanza, iwe na hatua ya kutunza betri iliyojaa kwenye volti 13.5 hadi 13.8, badala ya kuikazania kwenye 14.4 muda wote. La pili, ipunguze volti joto likipanda. Betri ya volti 12 iliyo kwenye nyuzi 40 inatakiwa kupewa karibu volti 0.3 pungufu kuliko iliyo kwenye nyuzi 25. Kontrola nyingi hupima joto kwa kihisi kilichomo ndani yake, kwa hiyo ifunge karibu na betri. Ukiipachika juu ya paa na betri ipo chini, itakuwa inasoma joto lisilo la betri.

Kama betri yako ni ya AGM (asidi yake imenyonywa na mikeka iliyo ndani) au jeli, chagua hivyo kwenye kontrola. Ya lithiamu inahitaji kontrola yenye mpangilio wa lithiamu. Usiitumie ile ya risasi kwa kubahatisha.

Naunganishaje bila kuharibu kitu?

Betri kwanza, paneli mwisho. Kontrola nyingi hutambua kama ni mfumo wa volti 12 au 24 pale inapokutana na betri, na ukianza na paneli, ambayo bila mzigo hutoa volti 21 hadi 22, inaweza kuchanganyikiwa au kuungua. Siku ya kuchomoa, geuza: paneli kwanza, betri mwisho.

Fyuzi ya ampea 3 au 5 ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, sentimita chache tu kutoka kwenye terminali. Hatuna mjadala katika hili. Paneli ndogo haiwezi kuunguza gari, betri inaweza. Waya wa chanya ukichubuka kwenye ukingo wa boneti na kugusa bodi, betri ya gari itamwaga mamia ya ampea kupitia waya mwembamba, na gari limesimama uani peke yake, pengine pembeni ya nyumba.

Tumia nyaya zenye pete za kufungwa kwa bolti ya terminali. Klipu za kubana ni za kazi ya siku moja. Kwa miezi zinalegea na kushika kutu. Kabla ya kufunga, safisha ule unga mweupe au wa kijani kwenye terminali kwa bekingi soda na maji ya uvuguvugu, kausha, funga, halafu paka grisi juu. Usivute sigara hapo. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni.

Siwezi kuchomeka tu kwenye tundu la kuwashia sigara?

Kwenye Toyota nyingi na magari mengi ya Kijapani tundu hilo linakata umeme ukitoa funguo. Utakuwa umechomeka, taa ya paneli inawaka, na betri haipati kitu. Jaribu hivi: zima gari, toa funguo, chomeka chaja ya simu. Ikichaji, tundu lako liko wazi na linafaa. Isipochaji, nenda moja kwa moja kwenye betri.

Paneli niiweke wapi?

Nje, angani, pasipo kivuli. Sisi tupo karibu na ikweta, kwa hiyo ikilala karibu bapa inapata jua la kutosha mwaka mzima; ipe mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe. Mtu wa Mbeya au Mtwara aielekeze kaskazini. Wa Nairobi asijisumbue na mwelekeo.

Kivuli kidogo kina madhara makubwa. Seli zimeungwa kwa mfululizo, hivyo jani moja la mwembe lililolala juu ya seli moja linaweza kupunguza umeme wa paneli nzima kwa sehemu kubwa. Kinyesi cha ndege ni hivyohivyo. Mtu wa nyumbani aifute kwa kitambaa chenye maji mara moja kwa mwezi, kiangazi mara mbili.

Nyuma ya kioo cha mbele inafanya kazi, ila kioo kinakula sehemu ya mwanga, na gari likiwa limeelekea upande usio na jua unabaki na kidogo sana. Ukichagua huko kwa kuogopa wezi, jambo tunalolielewa, ongeza wati mara mbili.

Gari lipo ndani ya banda au limefunikwa turubai.

Vizuri, liache humohumo. Kivuli kinalinda rangi, matairi na betri yenyewe. Paneli ipande juu ya bati, waya ushuke. Mkondo ni mdogo, kwa hiyo kwa paneli ya wati 10, mita 10 za waya wa milimita za mraba 1.5 zinapoteza kama volti 0.1 tu. Hakikisha banda linapitisha hewa. Na paneli iliyo juu ya bati haionekani na mpita njia, jambo ambalo kwa maeneo mengi ni faida kubwa.

Lori langu ni la volti 24.

Fuso, Isuzu na baadhi ya Land Cruiser za dizeli zina betri mbili zilizoungwa kwa mfululizo. Tumia paneli mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfululizo na kontrola inayokubali volti 24, ukifunga kwenye chanya ya betri ya mwisho na hasi ya betri ya kwanza. Usichaji betri moja tu kati ya hizo mbili. Itajaa huku mwenzake akibaki nyuma, na siku alteneta itakapozichaji zote pamoja, moja itachemka.

Gari langu ni haibridi.

Sola unayofunga hapa inatunza ile betri ndogo ya volti 12 pekee. Kwenye Prius mara nyingi ipo nyuma kwenye buti, kwenye Aqua ipo chini ya kiti cha nyuma. Inakufa upesi kuliko watu wanavyotarajia kwa sababu ni ndogo, na ikifa gari haliamki hata kama betri kubwa imejaa. Betri kubwa haiguswi na paneli yako, na nyaya zake za rangi ya chungwa usizisogelee. Hiyo inahitaji gari liwashwe na kutembezwa angalau kila baada ya miezi miwili.

Trekta, jenereta, boti, pikipiki?

Trekta na jenereta lisilo na kompyuta: wati 5 hadi 10. Pikipiki yenye betri ya 5 hadi 9 Ah: wati 2 au 3, na usizidishe, betri ndogo hivyo hukaushwa haraka. Boti ni suala jingine. Pampu ya kutoa maji inayojiwasha yenyewe ndiyo inayozuia chombo kisizame wakati hakuna mtu, kwa hiyo hesabu umeme wake, kisha ongeza akiba ya wiki ya mawingu. Wati 30 hadi 50 ni mwanzo mzuri. Chumvi ya baharini inakula viungo vya waya, hivyo kila kiungo kizibwe na kipakwe grisi.

Betri yangu imeshashuka mpaka volti 8. Sola itaifufua?

Hapana. Kontrola nyingi hata haziitambui betri iliyoshuka hivyo. Peleka kwa fundi wa betri aichaji kwa mashine taratibu, ilale usiku mmoja bila waya, ipimwe kwa mzigo. Ikifaulu, ndipo uifunge sola.

Nitajuaje mfumo unafanya kazi kabla sijasafiri?

Multimita ya bei rahisi inatosha. Asubuhi kabla jua halijachomoza, pima kwenye terminali za betri: 12.6 na zaidi imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo. Saa sita mchana pima tena. Ukiona kati ya 13.2 na 14.4, chaji inaingia. Fanya hivyo siku tatu mfululizo. Namba ya asubuhi ikibaki palepale au kupanda, ondoka. Ikishuka kila siku, kuna kitu ndani ya gari kinavuta kuliko kawaida, na fundi umeme wa magari akitafute kabla hujafikiria kununua paneli kubwa zaidi.

Maji ya betri yaongezwe lini?

Kagua kabla ya kusafiri, na kila baada ya miezi mitatu ikiwa yupo wa kukagua. Ni maji maalumu ya betri (distilled) tu. Ya bomba au kisima yana chumvi, na asidi haiongezwi nyumbani.

Nikirudi, niondoe paneli kabla ya kuendesha?

Kama imefungwa imara kwenye keria na waya umepita vizuri, iache. Kontrola na alteneta hazigombani. Kama imelazwa tu juu ya boneti au ipo kwenye bati, tenganisha kwa soketi ya kuchomoa upande wa paneli, na ile ya upande wa betri ibaki imefunikwa kofia yake, pamoja na fyuzi. Safari ijayo unachomeka tu.